Joni na Kiti cha Magurudumu: Tahakiki ya Kitabu cha Ushuhuda

Kitabu cha Joni Eareckson kiitwacho Joni, kilichochapishwa Marekani mwaka 1976, ni miongoni mwa vitabu vya ushuhuda vilivyosomwa sana na Wakristo wa zama zake. Kimetafsiriwa katika lugha nyingi, na mwaka 1979 kilifanywa filamu ambayo mwandishi mwenyewe alicheza nafasi yake. Habari yake inajulikana kwa wengi. Tarehe 30 Julai 1967, msichana wa miaka 17 alijirusha kichwa mbele katika maji ya ghuba ya Chesapeake, asijue kwamba mahali pale kina ni kifupi. Akagonga chini, shingo ikavunjika, na mishipa ya fahamu ipitayo ndani ya uti wa mgongo ikaumia. Tangu siku hiyo hakutembea tena, wala mikono yake haikurudia kazi zake. Ameishi katika kiti cha magurudumu kwa zaidi ya miaka 50. Alijifunza kuchora kwa kalamu iliyoshikwa kwa meno, akaolewa mwaka 1982, akaanzisha huduma kwa watu wenye ulemavu, na akawa mmoja wa wajumbe wa baraza la taifa lililoandaa mapendekezo yaliyozaa sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu haki za watu hao.

Makusudi ya tahakiki hii si kumsifu mwandishi, maana wa kumsifu ni wengi, wala si kumpunguzia heshima. Neno letu ni juu ya namna kitabu hiki kinavyosomwa na wahubiri. Mhubiri akikishika kitabu cha Joni huchukua mambo manne: kuanguka, kukata tamaa, kumwamini Mungu, na kutumika. Mambo hayo yamo, na mwandishi ameyapanga hivyo mwenyewe. Lakini katikati yake kuna kitabu kingine ambacho mhubiri hukiruka kama mtu arukavyo dimbwi njiani, nacho ndicho chenye manufaa zaidi kwa mchungaji wa usharika. Hicho ni kitabu cha ngozi, cha mkojo, cha kugeuzwa kitandani, cha kuoshwa na kulishwa. Kwa neno moja, ni kitabu cha siku ya kawaida.

Tuziangalie sura za hospitalini. Msomaji anaoneshwa jinsi vyuma vilivyofungwa kwenye fuvu la kichwa ili kuivuta shingo, na jinsi mgonjwa alivyolazwa kati ya turubai mbili katika kitanda cha kugeuzwa, akitazama dari kwa saa kadhaa na kisha sakafu kwa saa kadhaa. Rafiki zake wa shule wanakuja kumtazama, na kwa namna walivyoshtuka anatambua kwamba sura yake imebadilika. Baadaye anaomba kioo na kujiona. Mwili unakonda, mifupa inabana ngozi isiyo na hisia, vidonda vinatokea. Anawasihi rafiki zake wamsaidie afe, naye anagundua kwamba hata hilo hawezi kulifanya kwa mkono wake mwenyewe. Yote haya yameandikwa kwa lugha nyepesi, pengine nyepesi mno, maana mwandishi ana haraka ya kufika penye imani. Hata hivyo ameyaandika, na kwa hilo tunamshukuru.

Kwa nini tunayashikilia mambo ambayo msomaji mcha Mungu angeona aibu kuyataja kanisani? Kwa sababu hapo ndipo uhai na mauti vinapoamuliwa. Kabla ya katikati ya karne iliyopita, mtu aliyevunjika uti wa mgongo kwa kawaida hakuishi muda mrefu. Hakuuawa na lile pigo la kwanza, bali na vidonda vya kulalia na sumu ya mkojo uliooza katika figo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, alipewa wodi ya majeruhi wa namna hiyo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa mpya ya kuunganisha mishipa iliyokatika. Mpaka leo dawa hiyo haipo. Alichokifanya ni kusimamia kwa ukali kwamba kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kwamba kibofu kitunzwe kwa usafi, na kwamba mgonjwa atoke kitandani afanye kazi na kucheza. Watu waliotazamiwa kufa wakaishi, wakaoa, wakaajiriwa. Naye alitaka mageuzo hayo yafuatwe saa zote, kiasi kwamba mwenye kuyafikiria anakumbuka vipindi vya sala katika nyumba za watawa.

Elimu hiyo haijafika kila nyumba. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2013 kwamba watu walioumia uti wa mgongo wana hatari ya kufa mapema mara mbili hadi tano kuliko wengine, na kwamba hali ni mbaya zaidi katika nchi zenye kipato kidogo. Kwetu wanaoumia ni vijana waliopinduka na pikipiki, abiria wa mabasi, na wale walioanguka kutoka mitini wakikata matawi, wakiangua nazi au kuchuma matunda. Mtu wa namna hiyo hurudishwa nyumbani kutoka hospitali akiwa na mpira wa mkojo, godoro jembamba, na maagizo yaliyosemwa upesi mlangoni. Usharika unakuja kumwombea wiki ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Baadaye wageni wanapungua. Kidonda cha makalioni hakiumi, kwa kuwa ngozi haina hisia; kinaonekana kwa harufu, na kikionekana mara nyingi kimekwisha kufika kwenye mfupa.

Hapa mchungaji aliyekisoma kitabu cha Joni kwa macho mengine anaweza kuwa na la kufanya. Atauliza kama mgonjwa anageuzwa usiku, na nani anamgeuza. Atauliza kama aketiye katika kiti ananyanyua makalio yake au kuegemea upande mara kwa mara, na kama hawezi, nani anamwinamisha. Tena kuna jambo moja ambalo kila mtembelea wagonjwa angepaswa kulijua. Mtu aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya mgongo, kibofu chake kikijaa kwa kuwa mpira umejikunja au umeziba, huweza kushikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, jasho likamtoka, na shinikizo la damu likapanda kiasi cha kuhatarisha maisha. Jambo la kwanza ni kumkalisha wima na kuunyosha mpira ule. Hali isipotulia, apelekwe hospitali bila kukawia. Mgeni asiyelijua hilo ataendelea na zaburi ya pili huku mwenyeji wake akielekea kiharusi.

Turudi kwenye kitabu. Joni alipotoka hospitalini alitunzwa na jamaa yake, na kwa miaka mingi alikaa nyumbani kwa dada yake Jay. Huyu ndiye aliyemwogesha, akamvika, akamlisha, akamsukuma. Mwandishi anamtaja kwa upendo na shukrani. Lakini katika kurasa zote hatumsikii Jay akisema ni saa ngapi alilala, au mgongo wake mwenyewe ulikuwaje. Huu ni upungufu mkubwa wa kitabu, nao ni upungufu wa ushuhuda mwingi wa aina hii: aliyeumia anapewa sauti, na anayemhudumia anapewa shukrani tu. Katika nyumba zetu mhudumu huyo ni mama, au mke, au binti wa ndugu aliyetolewa shule. Kama kuna mtu katika habari hii anayestahili kutembelewa na mchungaji kwa ajili yake mwenyewe, ni huyo.

Sisi Walutheri tunayo mafundisho yanayogusa jambo hili waziwazi, ingawa tunayatumia kwa uchache. Katika maandiko yake ya mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa, Luther anamsifu baba afuaye nepi za mtoto wake. Majirani wanaweza kumcheka kama mwanamume aliyegeuka mwanamke, asema, lakini Mungu pamoja na malaika wake anafurahi, kwa sababu kazi ile inafanywa katika imani. Fundisho la wito halikuanzia mimbarini. Lilishuka mpaka kwenye beseni la nepi. Basi anayemwaga mkojo wa ndugu yake asubuhi na kuuosha mpira anafanya kazi takatifu kwa maana ileile. Ila tuangalie tusije tukalitumia fundisho hilo kumfunga mtu mmoja peke yake. Luther alikuwa akimsema mwanamume, yule aliyedhani kazi hiyo haimhusu. Mhubiri anayewaambia wanawake wa nyumba kwamba mzigo wao ni mtakatifu, na wanaume wakabaki uani wakizungumza, amemsoma Luther kinyume.

Sehemu yenye nguvu zaidi katika kitabu, kwa maoni yetu, ni ile ya ibada ya uponyaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Joni aliamini kwamba Mungu atamponya, akaomba wazee wamwekee mikono na kumpaka mafuta, akawaambia watu wajiandae kumwona akisimama. Hakusimama. Siku zikapita, vidole havikutikisika. Baadaye amesimulia pia juu ya mkutano mkubwa wa uponyaji alioupata kuhudhuria, ambako wasimamizi waliwatoa mapema watu wenye viti vya magurudumu, kabla mkutano haujaisha, ili wawahi lifti, nao wakajipanga mstari kimya, wakiwa vilevile walivyoingia. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo zaidi. Mikutano kama hiyo tunayo viwanjani kila mwaka, na swali la nani anawarudisha nyumbani wale wasioponywa, tena na lawama ya kukosa imani begani, halijibiwi na mhubiri aliyekwisha kupanda gari lake.

Joni alijibuje? Alifikia kusema kwamba Mungu aliruhusu ajali ile kwa makusudi mema, na kwamba katika udhaifu alimjua Kristo kuliko alivyomjua alipokuwa mzima. Hapa yatupasa kutofautisha mambo mawili. Mtu akisema hayo juu ya mgongo wake mwenyewe, baada ya miaka ya kilio, huo ni ushuhuda, na ushuhuda una mwenyewe. Mtume Paulo alisema juu ya mwiba wake, si juu ya mwiba wa jirani. Lakini mhubiri mzima wa miguu akiyachukua maneno hayo na kuyatwika juu ya kijana wa miaka 20 aliyelala chumba cha pili, yanageuka kuwa sheria, na sheria nzito. Katika Yohana 9 Bwana wetu alikataa kuhesabu dhambi ya kipofu au ya wazazi wake, kisha akatema mate, akafanya tope, akaanza kazi. Wanafunzi ndio waliotaka maelezo. Na tusisahau kwamba Joni aliyatamka yake akiwa katika nyumba yenye nafasi, ndugu wengi, na matibabu ambayo wasomaji wake wengi wa dunia hii hawawezi kuyapata. Neema haipimwi kwa vitu hivyo. Muda wa kuitafakari huathiriwa navyo.

Kwa sababu hiyo ni vyema kitabu cha Joni kisomwe pamoja na kingine kisichokubaliana nacho. Nancy Eiesland, mwanatheolojia Mmarekani aliyekufa mwaka 2009, alichapisha mwaka 1994 kitabu kiitwacho The Disabled God, yaani Mungu mwenye ulemavu. Yeye hakuumia uti wa mgongo. Alizaliwa na kasoro ya mifupa na kufanyiwa upasuaji mara nyingi. Anayapinga mambo matatu ambayo Kanisa limewafanyia watu wenye ulemavu: kuuhusisha ulemavu na dhambi, kuusifu kama mateso ya utakatifu, na kuwatenga kwa njia ya sadaka. Msomaji ataona kwamba hilo la pili ni jiwe lililotupwa karibu sana na ukumbi wa Joni. Eiesland anaeleza kwamba alimwona Mungu akiwa katika kiti cha magurudumu cha aina ile inayoendeshwa kwa kupuliza na kuvuta pumzi kwenye mrija, kiti cha mtu aliyepooza kuanzia shingoni. Kutoka hapo anakwenda kwa Kristo mfufuka katika Luka 24, anayewaonesha wanafunzi mikono na miguu yenye alama. Mwili wa utukufu haukufutiwa majeraha.

Kwetu sisi sura inayochoma zaidi ni ile inayohusu Walutheri wenyewe. Eiesland anaonesha kwamba Kanisa la Kilutheri la Amerika lililojulikana kama American Lutheran Church, moja ya makanisa yaliyoungana mwaka 1988, lilitoa mwaka 1980 tamko zuri la kitheolojia kuhusu Kanisa na watu wenye ulemavu, na kisha katikati ya miaka hiyohiyo likaweka taratibu zilizowazuia wenye ulemavu mkubwa wasibarikiwe kuwa wachungaji. Tamko lilisema njoo, taratibu zikasema usipande. Mtu anaweza kudhani hilo ni jambo la Marekani. Afadhali kila dayosisi isome tena masharti yake ya kuwapokea wanafunzi wa theolojia, hasa kifungu cha afya ya mwili, na kujiuliza kinamlenga nani. Mambo ya Walawi 21 ilimkataza mwana wa Haruni mwenye kilema asiikaribie madhabahu, ingawa ilimruhusu kula chakula kitakatifu. Sisi tunaohubiri kwamba ukuhani huo umetimizwa katika Kristo hatuna haki ya kuurudisha kwa mlango wa uani.

Hata hivyo Eiesland naye ana pengo lake. Anasimulia maisha ya kila siku ya wanawake wawili, mmoja aliyezaliwa bila viungo kamili na mwingine mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na anafanya hivyo kwa uangalifu. Anasema pia kwamba binadamu hutegemeana. Lakini anapofika kwenye ile picha ya Mungu katika kiti cha kupuliza, picha inasimama peke yake. Mtu aliyepooza kuanzia shingoni anaweza kuendesha kiti kwa pumzi. Hawezi kujiingiza katika kiti kwa pumzi. Kuna aliyemwinua asubuhi ile, akamvalisha, akakagua makalio yake kama ngozi imebadilika rangi. Huyo haonekani katika maono. Theolojia ya msalaba, kama Luther alivyoifafanua huko Heidelberg mwaka 1518, inataka kila kitu kiitwe kwa jina lake, na katika habari hii jina linalokosekana ni la mikono iinuayo. Joni hakutafakari sana juu ya mikono hiyo, ila aliitaja. Eiesland alitafakari kwa kina akasahau kuitaja. Ndiyo maana tunasema visomwe pamoja.

Katika jambo moja Eiesland anatushinda wote, nalo ni Meza ya Bwana. Anasimulia jinsi alivyoambiwa asisumbuke kwenda mbele. Ataletewa sakramenti kitini pake wote wakimaliza. Walidhani wanamhurumia. Yeye aliona kwamba ushirika wa mwili mmoja ulikuwa umegeuzwa kuwa ushirika wa pembeni. Tufikirie desturi yetu ya kupiga magoti kwenye uzio wa madhabahu, tena juu ya jukwaa lenye ngazi mbili au tatu. Aliye katika kiti hana njia nne. Ama abebwe na vijana mbele ya watu wote kama gunia, ama asubiri mwisho, ama asije. Wengi huchagua la tatu, na wazee wa kanisa huandika kwamba fulani amepoa kiroho. Njia ya mteremko ya saruji, yenye urefu wa kutosha ili isiwe kali, haizidi gharama ya vipaza sauti ambavyo sharika zetu hununua bila mjadala. Kabla ya saruji kupatikana, mchungaji anaweza kushuka ngazi na kuwakomunisha wote chini, wenye magoti na wasio na magoti, kwa zamu ileile. Hakuna katiba ya Kanisa inayozuia miguu ya mchungaji kushuka.

Juu ya viti vyenyewe tuseme machache. Kiti cha hospitali, chenye magurudumu madogo mbele, huzama katika mchanga na tope, na kikiwa kipana kuliko mtu humpinda mgongo na kumletea vidonda vilevile vinavyokimbiwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 mwongozo unaosisitiza kwamba kiti kipimwe kwa mtu na kwa mahali anapoishi, na afundishwe kukitumia. Huduma aliyoianzisha Joni hukarabati viti vilivyokwisha kutumika na kuwatuma mafundi pamoja navyo ili vipimwe; hilo ni jema kuliko kontena la viti lipokewalo kwa picha na hotuba. Jema zaidi ni kwamba mafundi wa viti hufundishwa hapahapa, katika chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi. Usharika ukitaka kumnunulia mtu kiti, na uulize kwanza huko, au kwa fundi aliyetoka huko, na usisahau mto wa kukalia, ambao kwa ngozi isiyo na hisia una maana kuliko rangi ya kiti.

Kwa darasa la uchungaji tungeshauri kitabu cha Joni kianzwe na sura za hospitalini, kisha sura ya ibada ya uponyaji isomwe siku moja na Yohana 9. Sura za mwisho, zenye maonyesho ya picha zake na mikutano ya hadhara, mwenye nafasi azisome peke yake. Sura ya Eiesland kuhusu Walutheri isomwe na walimu kwanza. Na ikiwezekana, aalikwe mtu wa usharika wa karibu aishiye katika kiti, pamoja na yule amwogeshaye, wote wawili waulizwe na wote wawili wasikilizwe. Chuo kiwalipie nauli mapema, kwa sababu teksi inayokubali kubeba kiti mara nyingi hudai zaidi ya bei ya kawaida, na dereva asiyetaka hupita tu.